Kengele ya moto ya gesti ya vyumba 24 Mwanga: ya milioni sita au ya kumi na moja?

Swali lenyewe: "Habari mtaalamu. Nipo Kigoma hapa Mwanga, najenga gesti, chini na ghorofa mbili juu yake, vyumba 24, nane kila floo, jiko lipo nyuma chini. Nimeletewa bei mbili za kengele ya moto. Fundi wa kwanza milioni sita na laki tano, mfumo wa zoni. Wa pili milioni kumi na moja, anasema huu ndo wa kisasa, kila chumba kina namba yake kwenye mashine. Shemeji yangu anasema hela yote hiyo ya nini, nunua vile vidude vya betri vya kubandika darini umalize. Nichukue upi? Plasta bado haijapigwa."

Dada yangu, habari, na hongera kwa kufika floo ya pili, maana kwa bei ya saruji ikishafika huku mwisho wa reli hiyo siyo kazi ndogo.

Jibu langu kwa ufupi, chukua wa zoni, ule wa milioni sita na nusu, ila usiusaini kama ulivyo, kuna vitu lazima viongezwe na vikiongezwa bei itapanda na bado haitafika kumi na moja. Na shemeji yako msikilize kwa mambo mengine, kwa hili hapana.

Nianze na ya shemeji iishe. Vile vya betri ni vizuri sana kwa nyumba ya familia, hata kwangu vipo viwili, kimoja korido na kimoja sebuleni. Shida yake ni kwamba kila kimoja kinalia peke yake. Moto ukianzia stoo ya mashuka huko chini, cha stoo kitalia mpaka kichoke na mgeni wa chumba namba 21 juu kabisa hasikii kitu, atasikia moshi ukishafika mlangoni kwake. Alafu betri ikikaribia kuisha kinaanza kulia tii, kimya, tii, saa tisa usiku, mgeni anapanda kitandani anakichomoa anakitia kwenye droo, asubuhi anaondoka na treni wala hakwambii. Baada ya mwaka una vidude 24 darini na vinavyofanya kazi labda tisa.

Sasa zoni na adresi, na adresi ndo huo wa milioni kumi na moja. Kwenye mfumo wa zoni waya mmoja unapita kwenye sensa kadhaa (vile vidude vya darini vinavyoshika moshi au joto), mwisho wa waya kuna rezista ndogo inayoiwezesha mashine kujua waya haujakatika, na mashine pale risepsheni inachojua ni kwamba "zoni ya 2 kuna moto" basi, haijui ni chumba gani. Kwenye mfumo wa adresi kila sensa ina namba yake, waya unatoka kwenye mashine unazunguka jengo unarudi, ukikatika sehemu moja mashine inaongea na sensa kutokea pande zote mbili, na kwenye kioo inaandika kabisa chumba 14 moshi. Hata uchafu inakuonyesha, sensa ikianza kujaa vumbi inakwambia kabla haijaanza kusumbua. Ni mfumo mzuri, sitaki nionekane nauponda. Ungekuwa na hospitali, au shule yenye mabweni sita yametawanyika, au hoteli ya vyumba 60, ningekwambia uza hata kiwanja kimoja uchukue wa adresi.

Ila wewe una vyumba nane kila floo. Mlinzi akiambiwa floo ya kati kuna moto, akapanda ngazi, ana milango minane ya kuangalia, na hata hiyo minane tunaipunguza kwa kitu cha bei ndogo sana, kitaa chekundu kinachofungwa korido juu ya mlango wa kila chumba, kinaungwa na sensa ya humo ndani. Sensa ikishika moshi kitaa kinawaka nje. Anafika korido anaona mlango upi. Hicho ndo cha kwanza cha kuongeza kwenye ile bei, na nakuhakikishia kwenye hiyo karatasi hakimo.

Na kuna sababu nyingine ya kutokimbilia wa adresi ambayo wauzaji hawaisemi. Mashine nyingi za adresi zina pasiwedi na programu ya kwenye kompyuta ya kuzipanga, na nyingine zinakubali sensa za kampuni ileile tu. Kuna hoteli moja Tabora niliitwa, sensa ya chumba kimoja imekufa, wameagiza nyingine imekuja imefungwa, mashine inaikataa, kitaa cha njano kinawaka usiku na mchana na kipaza kidogo kinalia piiii. Aliyefunga yuko mbali, pasiwedi anayo yeye, simu anapokea leo kesho hapokei. Nilipofika nikakuta wamebandika selotepu na pamba juu ya kile kipaza ili mhudumu wa risepsheni aweze kuangalia tamthilia yake. Wiki kadhaa jengo zima linalindwa na pamba. Wa zoni ukiharibika, fundi yeyote wa umeme mwenye akili na mita ya kupimia anaweza kuutafuta ubovu pale Mwanga kwa nusu siku. Kwa hiyo kama utaamua kwenda wa adresi hata hivyo, andika kwenye mkataba kwamba pasiwedi, faili la programu na mchoro wa waya ni mali yako na vinakabidhiwa siku ya malipo ya mwisho. Akikataa hilo mwache na mashine yake.

Zoni zako nitakupangia hivi, mashine ya zoni nane inatosha: vyumba vya chini moja, vya kati moja, vya juu moja, ngazi ziwe na yake, jiko na stoo, ndani ya dari, chumba cha jenereta, na moja ibaki ya akiba maana najua mwakani utaongeza ukumbi wa harusi, watu wote wa gesti huishia huko. Usikubali fundi aunganishe floo mbili kwenye zoni moja ili abane waya, kiwango cha Uingereza cha BS 5839, ambacho ndo mafundi wengi huku tunakifuata, kinataka floo isichanganywe na nyingine, na sababu yake ni hiyohiyo ya mlinzi na ngazi.

Haya, kitu ambacho kitakuletea kero au amani kuliko mashine yenyewe ni sensa gani imewekwa wapi. Hapa ndo pesa inapopotea. Fundi anaandika "smoke detector 30" anatandaza zilezile jengo zima mpaka jikoni.

Nikupe mfano wa hapahapa. Gesti moja upande wa Ujiji, sitaitaja, kengele ilikuwa inalia karibu kila siku saa moja jioni. Wameita fundi kabadilisha sensa, inalia. Kabadilisha mashine, inalia. Nikaenda nikakaa tu pale nyuma nikaagiza chakula. Saa moja kasoro mama wa jikoni akaweka karai jikoni, mawese, yakachemka mpaka yakaanza kutoa ule moshi wa bluu, akatumbukiza migebuka mitatu, chwaaa, wingu likapanda darini likatembea taratibu mpaka kwenye kasensa keupe, sekunde kama ishirini jengo zima linalia, na wageni hakuna hata mmoja aliyeinuka. Wameshazoea, wanacheka, mmoja anasema "samaki wameiva hao". Hiyo ndo hatari yenyewe dada, siyo kelele. Siku moto ukiwa wa kweli watasema samaki wameiva.

Jikoni weka sensa ya joto. Yenyewe haina habari na moshi, inasubiri joto lifike nyuzi 57 mpaka 60 hivi, kuna nyingine zinashtuka pia joto likipanda kwa kasi, ila kwa jiko la mkaa na makarai chukua ile inayosubiri nyuzi zifike tu, hii ya kasi nayo inaweza kukusumbua wakifungua sufuria kubwa chini yake. Chumba cha jenereta pia joto. Chumba cha kupigia pasi joto. Vyumba vya wageni, korido, ngazi, stoo na pale penye mita na brekari, moshi, zile zinazoshika moshi kwa mwanga ndani yake. Zipo za zamani zenye kichembe cha mionzi ndani, mtu akikuletea kwa bei ya kutupa usichukue, zinashtuka hovyo na moto unaofuka taratibu kama wa godoro zinauchelewa, na gesti ni magodoro matupu.

Ndani ya chumba usikubali ikae mlangoni pa bafu, mvuke wa maji ya moto kwa sensa ni sawa na moshi tu. Isikae kwenye kona, iachane na ukuta angalau nusu mita, na isikae pale feni au AC inapopuliza. Korido yako kama haizidi mita mbili upana, sensa moja hadi nyingine isizidi mita 15, na kwenye eneo la wazi kama risepsheni hakikisha hakuna sehemu iliyo mbali zaidi ya mita saba na nusu kutoka kwenye sensa ya moshi, kwa sensa ya joto ni mita tano na sentimita thelathini.

Ndani ya dari wengi wanapasahau. Utaweka jipsamu juu, alafu kati ya jipsamu na bati kuna mbao za kenchi, waya zote za taa, viungio vya waya vilivyozungushiwa selotepu, na panya. Kama hiyo nafasi inazidi sentimita 80 kwenda juu, na kwa paa lenu la mgongo lazima itazidi, weka sensa humo. Moto wa dari unatembea nusu ya jengo kabla mtu wa chini hajanusa kitu.

Sasa sauti, na hapa ndo nina ugomvi na zote mbili zile bei zako. Gesti ni sehemu ya kulala. Mwaka 1994 Shauritanga kule Kilimanjaro wanafunzi wasichana 42 walikufa kwenye moto wa bweni usiku, na Septemba 2020 watoto wasiopungua 10 wakafa bwenini huko Kyerwa, Kagera, usiku tena. Mtu aliyelala haamshwi na harufu ya moshi, ile gesi ya moshi inamzidishia usingizi, kinachomwamsha ni kelele. Fundi wako kaandika ving'ora vingapi? Nabahatisha, kimoja kila korido. Tupige hesabu. King'ora cha korido kinatoa desibeli 100 ukiwa mita moja, na kila umbali ukiwa mara mbili zinapungua 6. Mita mbili 94, mita nne 88, mita nane 82. Alafu kuna mlango umefungwa, mlango wa kawaida unakula kama 20, mgeni wa mwisho wa korido kitandani anapata 62. Kiwango kinataka 75 pale kwenye mto. Na hapo sijaweka feni, wala mvua ya Kigoma juu ya bati mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo king'ora kiwe ndani ya kila chumba, na hakuna haja ya kutoboa dari mara mbili, zipo besi za sensa, yaani vitako vyake vya darini, zenye king'ora ndani yake, unafunga kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Hapo ndo sehemu ya ile tofauti ya hela uliyookoa inakwenda, na imekwenda panapostahili. Chumba kimoja au viwili vya chini weka na taa ya kuwaka na kuzima, akija mgeni asiyesikia mpe hivyo.

Vibonyezo vyekundu vya ukutani, vile vya kuvunja au kubonyeza kioo, viwe kila floo pale ngazi inapoanzia na kila mlango wa kutokea nje, kimo cha mita 1.4 hivi, mtu asitembee zaidi ya mita 45 kukifikia. Kwa jengo lako halitakusumbua hilo.

Umeme. Mashine ya moto iwe na brekari yake peke yake, iandikwe kwa wino usiofutika USIZIME, isichangie na soketi za risepsheni ambapo mtu atachomeka pasi brekari ianguke. Na uwe makini na LUKU, hii nimeiona kwa macho, uniti zimeisha Jumamosi usiku, meneja yuko Kasulu msibani, jenereta halina mafuta, mashine inakaa kwenye betri mpaka Jumatatu. Betri zake ni mbili za volti 12 zinaungwa kupata 24, na kiwango kinataka ziendeshe mfumo saa 24 ukiwa kimya alafu bado ziwe na nguvu ya kulia nusu saa. Mwambie fundi akuandikie hesabu, siyo akwambie kwa mdomo. Mfano mfumo wako ukila ampea 0.12 ukiwa kimya, mara 24 ni 2.88, ukilia ukala ampea moja kwa nusu saa ni 0.5, jumla 3.38, ongeza robo yake kwa ajili ya betri kuzeeka, 4.2 na kidogo. Basi betri za ampea-saa 7 zinatosha. Akikuwekea zile ndogo za 2 ili kifuniko kifunge vizuri, utajua. Badilisha kila miaka minne mitano hata kama zinaonekana nzima. Na radi za ziwani mnazijua wenyewe, kifaa cha kuzuia radi kwenye bodi kuu ya umeme usikikatae.

Waya uwe ule mwekundu unaostahimili moto, shaba, milimita za mraba 1.5. Siyo waya wa taa, na siyo waya wa intaneti, nimekuta mtu kafunga jengo zima kwa waya wa intaneti na kajisifu. Usipite paipu moja na waya za umeme, na pale unapopita nje ya paipu ushikwe kwa klipu za chuma, maana za plastiki zinayeyuka waya unaanguka wakati ndo unauhitaji.

Ukipokea mzigo usiangalie boksi, geuza sensa usome nyuma. Tafuta namba za kiwango cha Ulaya cha EN 54, ya moshi iwe na EN 54-7, ya joto EN 54-5, mashine EN 54-2 na 54-4 kwa upande wa umeme wake, vibonyezo EN 54-11, ving'ora EN 54-3. Kisicho na maandishi hayo rudisha kabla hujalipa.

Kabla hata waya haujapita, chukua mchoro wa jengo peleka kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapo mkoani. Watu wanawakwepa wakidhani ni kutozwa hela tu, lakini watakukagua tu siku moja, sheria yao ya mwaka 2007 inawapa kazi hiyo, na kusogeza kibonyezo kwenye karatasi ni kazi ya raba, kukisogeza kwenye ukuta uliopakwa rangi ni kazi ya tindo. Waulize pia mlango wa pili wa kutokea. Kengele inalia, wageni wameamka, wameshuka, wanakuta geti la nyuma lina kufuli na ufunguo anao mlinzi aliyekwenda kununua sigara, hapo kengele umeinunua ya nini. Na madirisha, kama ulishachomelea nondo vyumba vyote, angalau moja kila chumba lifunguke kwa ndani.

Namba ya zimamoto ni 114, iandike kubwa pembeni ya mashine, na mlinzi wa usiku afundishwe mambo mawili, kusoma taa ya zoni, na kutozima sauti kabla hajaona kwa macho kinachoungua. Kila wiki siku moja mbonyeze kibonyezo kimoja, wiki ijayo kingine, andikeni kwenye daftari. Kila miezi sita fundi aje apulize sensa vumbi na azijaribu kwa ile dawa ya moshi ya kopo, siyo kuwasha gazeti chini yake, masizi ya gazeti yanaua sensa. Buibui pia wanapenda sana humo ndani, na kumbikumbi mvua za kwanza.

Mwisho hilo la plasta, ulilitaja kama kitu kidogo ila ndo la haraka kuliko yote. Mwambie fundi kesho asubuhi apitishe paipu za waya wa moto kwenye kila chumba, korido, jiko, dari na chumba cha jenereta kabla hawajagusa ukuta, hata kama mfumo wenyewe utaununua baada ya miezi mitatu. Na sensa zikifungwa ziachwe na vile vikofia vyekundu vya plastiki mpaka siku ya mwisho ya kusugua skimu na kupaka rangi, vumbi la jipsamu likiingia humo utaanza gesti yako kwa kengele za uongo. Hivyo vikofia mafundi rangi hupenda kuvichukua kwa ajili ya kukorogea rangi, kwa hiyo vihesabu.